Bibi Anatuachia Nyumba, Mwanawe Yumo Kwenye Foleni Yetu

Mpendwa Shangazi,

Naomba msaada wako kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi wakili anakuja kuandika wosia wa mama mmoja mzee, na mimi ndiye niliyepangiwa kumpokea na kumpeleka mpaka sebuleni, na mpaka naandika barua hii sijui nikishamfikisha hapo nitafungua mdomo au nitakaa nimeufunga.

Mimi ni dobi kwa kazi, nina chumba changu cha kufulia na kupiga pasi karibu na stendi, na kwa miaka kadhaa sasa kanisa letu limenikabidhi huduma ya watu wasio na makazi, wale wanaolala kwenye vibaraza vya maduka na chini ya paa la soko, kwa hiyo asubuhi kabla sijaanza kazi yangu nagawa chai na mkate, mchungaji anasema neno fupi, tunaomba, anayetaka kuoga anaoga, anayetaka kubadili nguo anabadili, kisha kila mtu anashika njia yake. Huduma yetu ina sheria moja ambayo niliitunga mwenyewe na sina mchezo nayo: hatuulizi. Hatumuulizi mtu jina la kwao, hatumuulizi ametoka wapi wala amefanya nini, kwa sababu kabla yangu watu walikuwa wakihojiwa kwanza ndipo wapewe chai, na wengi waliona heri walale na njaa kuliko kusimulia maisha yao mbele ya birika. Sasa tunawaita kwa majina wanayoitwa na wenzao, kuna Profesa, kuna Kimya ambaye hanyamazi hata akitafuna, na kuna Mlingoti, ambaye ni mrefu mpaka anainama kuingia jikoni kwetu. Na nguo tunazogawa vilevile hatusemi zimetoka kwa nani, ili mtu asitembee na deni la shukrani kwa jirani anayemfahamu.

Sasa hilo jiko si letu, tumeazimwa na mwenye gereji, naye ametuambia kwa upole kabisa kwamba anakitaka chumba chake aweke matairi, ndipo mchungaji akaanza kufundisha kuhusu wosia, kwamba mtu anaweza kukumbuka familia yake na pia akaiachia kazi ya Mungu sehemu ya alichojaliwa, ili hata akiwa hayupo watu waendelee kupata mahali pa kulala. Kanisa zima liliinamia viatu, maana kumtajia mtu mzima habari za wosia anadhani umeshaongea na fundi wa majeneza. Aliyejitokeza ni mmoja tu, Mama Fundi, mjane anayeshona nguo, ambaye kwa muda mrefu amekuwa akitushonea mashati na suruali kwa vitambaa vya mabaki bila kutaka asante.

Aliniita kwake, akanikalisha karibu na cherehani, akasema, "Mwanangu, nikifa nyumba hii ichukueni, muweke vitanda, watu walale." Akatoa masharti mawili, kwamba nyumba isiuzwe, na kwamba asifukuzwe mtu kwa kosa alilolifanya kabla hajaingia humo. "Hata awe aliiba," akasema. "Hata awe aliiba nyumbani kwao." Nikajibu amina, nikaona huyu mama ana moyo mpana kuliko sisi sote, na Shangazi, sikumuuliza kama ana mtoto au ndugu, kwanza kwa sababu nimeshazoea kutouliza, na pili kwa sababu nyumba ile ina vyumba vinne na kisima, na nilishaanza kuvipanga vitanda kichwani.

Niseme kitu kingine kidogo ambacho hakina uzito, ila nakupa habari yote. Macho ya Mama Fundi yamechoka, kwa sababu katika kila furushi analoleta huwa kuna suruali moja ndefu kupita kiasi, na mwanzoni nilitaka kuzikata miguu, lakini kwa bahati nzuri tuna Mlingoti, zikawa zinamkaa vizuri kama zimepimwa kwake. Mama hupenda kuuliza, "Ile ndefu imepata mwenyewe?" Namjibu imepata. Anasema, "Haya," anarudi kwenye kazi yake.

Jumapili iliyopita mchungaji alishindwa kujizuia, akatangaza pale kwenye chai kwamba tumeahidiwa nyumba, tena akaielekeza, ile yenye geti la bluu nyuma ya kiwanda cha matofali, watu wakapiga makofi na vikombe vikagongwa. Mlingoti aliweka kikombe chini hakijaisha, akaacha na mkate, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akatoka. Nikadhani tumbo. Baadaye nikiwa naosha vyombo akarudi, akainama mlangoni kama kawaida yake, akasema, "Dada, kile chumba cha nyuma dari linavuja upande wa dirisha. Mkianza ukarabati anzieni hapo."

"Umejuaje?"

"Ndoo ya kukinga maji nilikuwa naimwaga mimi. Tangu nasoma shule ya msingi."

Nilikaa kwenye beseni lililopinduliwa, akakaa na yeye kwenye kreti, akanieleza bila mimi kumuuliza. Yeye ndiye mtoto wa pekee wa Mama Fundi. Alikuwa mlevi, si mlevi wa kuchekesha watu, mlevi kabisa, na wakati mama yake yuko hospitali anamuuguza baba, yeye aliiuza cherehani yake ya kwanza. Baba alifariki hukohuko. Mama alirudi kutoka mazikoni, akataka kushona ili mikono ipate cha kufanya, akakuta meza tupu. Akamwambia asikanyage tena pale, na hajakanyaga. Nilimuuliza kama ana hasira na mama yake akacheka. "Hata ningekuwa mimi ningenifukuza," akasema. Siku hizi asubuhi huwa hanuki pombe. Jioni sijui, sipo.

Nikamwambia, "Sasa mimi nifanyeje na habari hii?"

"Usifanye kitu. Usimwambie niko hapa, atapata aibu ya bure. Acha atoe nyumba, ametaka mwenyewe. Siku mkifungua nitapanga foleni kama wengine. Nikipata kitanda sawa, nikikosa sawa."

"Upange foleni kwenye geti la mama yako?"

"Si litakuwa la kwenu?"

Akachukua mkate wake uliobaki, akaenda. Hakuniapisha, ila alinitazama kwa namna ya mtu anayejua kwamba sheria yetu ni kunyamaza, na tangu siku hiyo anakuja, anakunywa chai, anasema "asante dada", na mimi ndiye ninayekwepa macho yake.

Nimemgusia mchungaji bila kumtaja mtu, nikasema itakuwaje kama kuna ndugu, akasema mambo ya sirini tumwachie Mungu, halafu akaniuliza kama wakili amethibitisha saa. Nikimwambia Mama Fundi, nimemsaliti mtu aliyeniamini na nimeivunja sheria niliyoitunga mimi, na huenda mama akabadili mawazo, na watu wetu wote wakakosa hata mahali pa kuchemshia maji. Nikinyamaza, tutakuwa tumechukua nyumba ya mtu anayelala nje ili tuwasaidie watu wanaolala nje, na hesabu hiyo kila nikiipiga haikubali. Na nakiri kwako, kwa sababu hunijui uso, kwamba nimepiga magoti nikaomba mama asiulize lolote na asisikie lolote mpaka atie saini. Niliposimama niliona haya. Lakini sikuifuta hiyo sala.

Nifanye nini?

Dobi wa karibu na stendi


SHANGAZI ANAJIBU

Dobi wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa huruma na mara ya pili kwa hasira, na nitakujibu kwa vyote viwili, ukipenda usipende.

Tuanze na huruma ili nisije nikaisahau. Unaamka kabla ya watu, unagawa chai kwa watu ambao wengine tunawaruka miguu asubuhi tukienda kufungua maduka, na huwahoji. Hilo ni jema na sitaki mtu yeyote akuambie vinginevyo. Wala wosia si dhambi. Wasomaji wangu wengi mnaogopa neno hilo, mnaacha wanenu wagombanie masufuria na makanisa yenu yaombe vyumba kwa wenye magereji. Mtu mwenye akili timamu akiamua kuiachia huduma nyumba yake ili wasio na pa kulala walale, na apewe heshima yake.

Sasa hasira. Dada, ile sheria yako ya kutouliza uliitunga kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mwenye njaa, asivuliwe utu wake kwa kikombe cha chai. Nani alikutuma uipeleke sebuleni kwa mjane anayegawa nyumba? Anayepokea chai usimuulize ana nani. Anayetoa nyumba ni lazima umuulize ana nani, tena umuulize kwanza, kabla ya kutazama kisima. Wewe mwenyewe umesema ulishaanza kupanga vitanda kichwani. Haikuwa sheria iliyokuziba mdomo siku ile, ni vile vyumba vinne, na unajua, ndiyo maana umeniandikia mimi na hukumwandikia mchungaji. Na huyo mchungaji mpe salamu zangu. Anayeulizwa habari za ndugu akajibu habari za saa ya wakili, moyo wake ulishahamia kwenye hiyo nyumba.

Kuna jambo umeniandikia ukasema halina uzito, nami nalirudisha kwako kwa sababu wewe ni dobi, nguo unazijua kunishinda. Fundi aliyeshona maisha yake yote, macho yake yamechoka, sawa. Mbona yanachoka kwenye suruali moja tu? Mbona zile nyingine hukunilalamikia? Mbona anauliza habari za hiyohiyo, imepata mwenyewe, na akijibiwa imepata anatulia? Na masharti yake umeyaandika kwa mkono wako mwenyewe: asifukuzwe mtu, hata awe aliiba nyumbani kwao. Ukasema amina. Mimi simfahamu mama huyo na huenda nimekosea, ushauri wangu umewahi kukosea na watu wakaniandikia kunitukana. Lakini kwa jinsi ninavyoona, Mama Fundi anajua vizuri mtoto wake anakunywa chai wapi. Alisema neno gumu siku ya msiba, na hakupata njia ya kulirudisha. Kwa hiyo ameamua ninyi mumfungulie kijana geti, mama mwenyewe akiwa ameshazikwa. Imenichoma roho kusoma hivyo, nasema wazi.

Wewe ulikuwa katikati yao muda wote huo, unapokea furushi huku na kuligawa kule.

Sasa usije ukakimbia kumwambia mama, "Mwanao tunaye." Hiyo si siri yako. Fanya hivi. Leo hii mpigie wakili simu, mwambie Alhamisi haipo. Akikuuliza sababu, mwambie huduma haijawa tayari kupokea, na huo ni ukweli mtupu. Mchungaji akinuna, anune. Na siku wakili atakapokuja, awe wa mama, si wa kanisa, akae na mama peke yake, na wewe na mchungaji muwe nje ya hiyo nyumba, si kwenye korido, nje kabisa. Nyumba ikitolewa huku mpokeaji amekaa pembeni anakunywa soda ya mwenyewe, kesho mtaishia kwa hakimu na sitawahurumia.

Kisha mtafute Mlingoti. Mwambie huwezi kufanya alichokuomba, kwamba hutamtaja kwa mama yake bila ruhusa yake, lakini nyumba hutaipokea ukiwa umekaa juu ya siri hii. Halafu mwambie ile suruali aliyovaa imeshonwa na nani. Usimpambie maneno wala usimhubirie, mwambie tu, umwache aketi. Akiamua kwenda, aende kwa miguu yake, akiwa hajanywa, asubuhi, tena asiende kudai urithi. Aende kuomba radhi kwa ajili ya cherehani. Mimi huyo kijana simwonei huruma kwenye suala la cherehani. Mwanamke amemzika mume, karudi kwake, kakuta hata kazi yake imeuzwa. Mama ana haki ya kuchungulia dirishani akasema sitaki, na akisema hivyo hakuna wa kumlaumu.

Kwa mama wewe nenda na swali moja, lile ulilopaswa kuuliza siku ile ya kwanza: "Mama, una mtoto?" Ukishauliza, nyamaza. Usimsaidie kujibu. Akisema sina, usibishane naye, mwambie tu kwamba huduma haiwezi kupokea nyumba mpaka akae na wakili wake amweleze habari za damu yake yote, walio karibu na walio mbali. Akisema ninaye, msikilize mpaka amalize, hata kama nguo za watu zitalala bila pasi siku hiyo.

Mengine yatapangika. Wosia si lazima uwe yote au hakuna. Mama anaweza kusema chumba kimoja ni cha mwanawe maisha yake yote na vilivyobaki vilaze watu. Anaweza kusema nyumba ni ya mwanawe na kwenu akaacha sehemu nyingine. Anaweza pia, akili zake zikiwa timamu na mwanawe akiwa anajua, kuwapa ninyi yote, na hapo mtaipokea kwa mikono miwili bila mtu wa kumkwepa macho. Mkikosa kabisa, mtakuwa mmekosa nyumba ambayo haikuwa yenu. Na hapo nikuulize, hilo kanisa lenu halina ukumbi? Jumatatu mpaka Jumamosi unafungiwa nini humo ndani, viti? Kamwambie mchungaji watu wanywe chai humo, na kama waumini wataona kinyaa kukalia viti hivyo Jumapili, basi apate somo la kuwafundisha.

Ile sala yako usihangaike nayo. Mungu amesikia za ajabu kuliko hiyo. Ila usiirudie.

Na usijipe muda wa kutafakari, nawajua ninyi watu wa kutafakari. Mama huyo ni mzee. Wosia husomwa wakati aliyeuandika hawezi tena kusikia anajibiwa nini, na yeye ana mtoto mwenye jibu. Nenda kesho.

Shangazi